Brofesa na Chupa ya Watoto Kumi

Niligonga meza ya sista wa zahanati mpaka kadi za watoto zikaruka chini. Hafsa, binti yangu, alishtuka akaanza kulia, na mimi sikumbembeleza. Nilimwambia sista maneno ambayo mama mwenye adabu hayasemi mbele ya watu, kisha nikayarudia kwa Kisomali ili waliokosa Kiswahili nao wafaidi.

Kisa ni chupa. Chanjo ya surua inakuja kwenye kichupa kimoja cha watoto kumi, unga mkavu unaochanganywa na maji yake. Kikishafunguliwa kina saa chache tu, kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo kwenye zahanati ya bula yetu, mtaa wetu, wamejiwekea desturi: chupa haifunguliwi mpaka watoto watimie. Mkiwa wanne mnarudishwa. Mkiwa sita mnarudishwa. "Njooni Alhamisi, labda mtakuwa wengi." Nilikuwa nimeshakwenda Alhamisi. Nilikuwa nimekwenda na Jumatatu. Hafsa alikuwa ametimiza miezi tisa na kupita, lori la shemeji yangu lilikuwa linatungoja kutupeleka kwa mama mkwe ng'ambo ya Tarbaj, kwenye ngamia, ambako kutafuta sindano ni safari, na kwenye soko la mbuzi watu walikuwa wameanza kusema surua imeonekana upande wa Ifo, kambini.

"Mama, mko watatu tu," sista aliniambia bila kuinua uso. "Nikifungua, saba zinamwagika. Zikimwagika, mimi ndiye naulizwa."

"Na mtoto akifa, nani anaulizwa?"

"Usiniletee kifo hapa, mama. Niletee watoto."

"Nizae wengine saba hapo kwenye benchi?"

Hapo ndipo nilipogonga meza. Na nilipotoka sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Brofesa.

Bula nzima inamwita Brofesa, kwa B, maana Kisomali hakina P, hata vijana waliosoma wanaojua P inakaa wapi. Mimi namwita Eddo, shangazi, ingawa si dada wa baba yangu. Boma lake na letu yanagawana ukuta mmoja wa mabati, na tangu niko mtoto nimekuwa nikimsikia akigombana na redio. Ukoo wake sitauandika. Kwetu ukishataja ukoo wa mtu, hakuna anayesikia kingine. Kila mmoja anaanza kupiga hesabu zake. Mzee akimwuliza kwenye harusi, "Naa, kwani wewe ni wa nani?" yeye hujibu, "Mimi ni wa foleni," na anaendelea na wali wake.

Kwa miaka mingi alifundisha chuo kikuu Nairobi, akirudi nyumbani kila likizo, sheria ya afya ya umma. Sisi nyumbani hatukuelewa ni kitu gani. Mama yangu aliamini ni daktari wa aina ya juu, akamngoja aje likizo, akaenda na goti lake.

"Abaayo, dada yangu, hili goti."

"Mimi sitibu magoti, walaal. Mimi natibu sheria."

Mama akamtazama. "Sasa sheria imeumia wapi?"

Brofesa alicheka mpaka kitambaa chake cha shash kikamwanguka kichwani. Baadaye aliniambia kwamba tangu siku ile, kila mwaka, alianza somo lake la kwanza kwa kuandika swali hilo ubaoni, na wanafunzi wa sheria, watoto wa mawakili, walilinakili madaftarini. Mama hajawahi kuamini hadithi hiyo. Goti alipewa mafuta ya simsim na kuambiwa aende hospitali kama watu wengine.

Alichokuwa anafundisha, nilikuja kukielewa hivi. Kila kanuni iliandikwa na mtu aliyekaa mahali fulani. Aliyeandika kwamba mgonjwa apelekwe hospitali haraka alikuwa amekaa karibu na hospitali na lami. Mtu wa Elwak, kule mpakani, akisoma kanuni hiyo anaweza kudhani ni mzaha. Brofesa aliingia kwenye mabaraza ya wakubwa, kwenye vyuo vya nje, kwenye kamati zenye maji ya chupa, akauliza swali moja tu: hii uliiandika ukiwa umekaa wapi? Walimchukia kwa swali hilo. Walimpa na cheo kwa swali hilo hilo. Yeye vyote viwili alivipokea sawasawa, kama mtu anayepewa chenji.

Wazee wetu mpaka leo, mtu akivuka daraja la Tana kwenda Nairobi, husema amekwenda Kenya. Wageni wakisikia wanacheka. Brofesa hakucheka. Aliwapeleka wanafunzi wake mpaka darajani wakasimama na jua lile, akawaambia hapo ndipo somo lilipo, ukivuka kuja huku unakuta kanuni ni ile ile lakini daktari hayupo. "Siku wazee watakapoacha kusema hivyo, nitastaafu," alisema. Alistaafu kwa sababu ya umri. Wazee bado wanasema.

Nilimjua vizuri nikiwa kidato cha tatu. Walimu walimwalika shuleni kwetu azungumze na wasichana kuhusu kujiamini, mambo ya kusema unaweza, unaweza. Akasimama mbele yetu, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, akauliza: "Nani amezaliwa tarehe moja Januari?"

Karibu darasa zima tukanyoosha mikono. Tukatazamana, tukaanza kucheka.

"Ajabu," akasema. "Mama zenu walikuwa wanashindana?"

Tulicheka mpaka mwalimu mkuu akaja mlangoni. Halafu akatueleza, bila kupandisha sauti, kwamba tarehe hiyo tulipewa na karani aliyechoka kuuliza, kwa sababu hakuna aliyeandika tulipozaliwa, na kwamba mtoto asiyeandikwa haagiziwi dawa na mtu yeyote. Dawa inaagizwa kwa hesabu ya watoto wanaojulikana. "Nyinyi mlikua kwa dawa za watoto wengine," alisema. Mimi mpaka siku ile nilidhani Januari mosi ni bahati. Nilikuwa nikijisifu kwamba dunia nzima inapiga fataki siku yangu.

Kuhusu kujiamini hakusema neno, na shule haikumwalika tena.

Wanafunzi wake wa Nairobi walimwogopa. Kila mwaka alikuja na kundi, vijana wenye kofia mpya na chupa za maji za rangi, na siku ya kwanza aliwanyang'anya vitambulisho vya chuo na kuwatawanya kwenye foleni za zahanati, mmoja mmoja, kuanzia asubuhi. Marufuku kusema wewe ni nani. Marufuku kuandika. Ukifika dirishani, sema unaumwa kichwa, uone. Kijana mmoja mrefu alirudi jioni akilia kwa hasira: alikaa mpaka mchana, dirisha likafungwa usoni pake, karani amekwenda kuswali na hakurudi.

"Basi umefaulu," Brofesa akamwambia. "Kunywa chai."

Huo ndio ulikuwa upole wake wote. Ukimletea machozi anakuletea chai. Mimi nilipomaliza kidato cha nne na karo ya chuo haikupatikana, nikaolewa, watu walikuja na maneno mengi ya huruma yaliyoniudhi. Yeye alikuja harusini, akala, akacheza vibaya sana pamoja na akina mama, na alipokuwa anaondoka akaniambia sikioni, "Umeolewa, hujazikwa. Usiache kusoma gazeti." Nilimkasirikia wiki nzima. Halafu nikaanza kumtuma mume wangu alete gazeti kila anapokwenda sokoni, hata kama ni la juzi.

Watu wa serikali nao aliwachosha. Mwaka mmoja walifungua jengo jipya la zahanati upande wa barabara ya Dadaab, utepe, hema, mbuzi, hotuba. Wakakata utepe, wakapiga picha. Brofesa akaingia ndani peke yake, akakaa sakafuni katikati ya chumba kitupu, akatoa tende kwenye mkoba.

"Mama, tunaondoka," mkubwa mmoja akamwambia.

"Nyinyi nendeni. Mimi nimekuja kutibiwa."

"Lakini hakuna mtu hapa."

"Hata mimi nimeona. Atakuja lini?"

Hawakuweza kumwacha mwanamke mzee sakafuni mbele ya wapiga picha. Alikula tende moja moja mpaka mtu akapiga simu, na simu ile ikapiga nyingine. Muuguzi aliletwa. Alikaa miezi, akahamishwa, na Brofesa akarudi na tende. Hiyo ndiyo ilikuwa siasa yake, hakuwa na nyingine.

Msidhani namchora malaika. Mwanamke huyu aliyeandika vitabu kuhusu chanjo anaogopa sindano kuliko mtoto. Siku ya chanjo ya korona alijipanga wa kwanza ili bula imwone, na ilipofika zamu yake akanishika mkono akaubana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, akafumba macho, akaanza kusoma Ayatul Kursi polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sista amesimama na sindano hewani. Alipomaliza akaanza tena. Mzee mmoja nyuma akaita, "Brofesa, chomwa au toka, jua linatuua!"

Maziwa ya ngamia anayanywa mabichi. Anajua hatari yake, anaweza kukutajia maradhi yote kwa majina yake, kisha anafuta mdomo. Chai yake ina sukari mpaka kijiko kinasimama. Daktari wake wa kisukari, kijana tuliyesoma naye, amekata tamaa. Anasema kila akimshauri anaulizwa ana ushahidi gani. Na kuna mieleka. Profesa mzima, jioni baada ya swala, yuko mbele ya televisheni anatazama wanaume wenye chupi zinazong'aa wakirushiana viti, na anampigia refa kelele mpaka ng'ambo ya mabati tunajua nani ameanguka. "Refa! Kiti kile! Unaona na hufanyi kitu!" Nimemwambia mara nyingi kwamba yale ni maigizo. Anasema hata maigizo yana kanuni.

Basi, siku ile ya meza, nilimkuta kivulini anachambua mchele. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, Hafsa kwapani bado analia. Nikamalizia na kile nilichokuja kukitaka.

"Eddo, mkurugenzi wa afya alikuwa mwanafunzi wako. Mpigie simu tu. Dakika moja."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa.

"Nikimpigia, Hafsa atachanjwa kesho. Wewe utaniletea sambusa. Halafu?"

"Halafu tunasafiri, alhamdulillah."

"Na wale wawili uliokuwa nao kwenye benchi?"

"Nao wakutafute!"

"Kila mama mwenye mtoto aje kwenye mabati haya anitafute mimi?" alisema. "Na nikifa je? Sheria inasema kila mtoto, Mama Hafsa. Haisemi kila watoto kumi. Nenda uandike ulichoona, ukilete."

Wallahi nilitaka kuipindua ile sinia ya mchele. Nilimwambia yeye ni sawa na sista, anangoja watu watimie. Nilimwambia mtoto wangu si mfano wa darasani. Aliniletea chai, na mimi nikaondoka nikaiacha. Nilipofika nyumbani niliapa sitamsemesha tena, na mume wangu, mtu mtaratibu, akasema, "Haya," kama anavyosema kila mara.

Lakini kwetu habari haihitaji miguu. Sista alishasikia kwamba nimekwenda kwa Brofesa. Kesho yake asubuhi alimtuma jirani: Mama Hafsa aje, aje na mtoto, apite mlango wa nyuma. Nilikwenda mbio. Getini nilipishana na mama mmoja, muuza maziwa, madumu yake matupu yamefungwa kwa kamba, mtoto wa kiume mgongoni. Alikuwa anatoka, akinung'unika kwamba amerudishwa. Hatukusalimiana vizuri, mimi na haraka yangu.

Sista alifunga mlango. Akafungua friji, akatoa kichupa, akakifungua. Kwa mtoto mmoja. Akamchoma Hafsa mkononi, akajaza kadi, akanitabasamia, na ukweli ni kwamba alikuwa amechoka tu, si mtu mbaya.

"Haya mama, tumemaliza. Safari njema. Usiwaambie wengine, tafadhali."

"Na hizo tisa?"

"Zitamwagwa. Nitaeleza."

"Jana ulisema ukimwaga saba utaulizwa."

"Jana hukuwa umekwenda kwa yule mama."

Nilisimama pale na mtoto wangu aliyechanjwa, kitu nilichokuwa nakililia, na nilihisi nimeibiwa. Nikakumbuka madumu yale matupu. Nikatoka nje bila viatu, nimeviacha mlangoni, nikaanza kuita bula nzima kama mwendawazimu: chupa imefunguliwa, leteni watoto, chupa imefunguliwa! Wakaja. Mke wa muuza duka na watoto wake pacha, msichana wa hoteli na mdogo wake, wawili wengine. Sista aliwachanja akinung'unika, halafu akaacha kunung'unika, halafu akaanza kuwatania watoto. Dozi chache zilibaki zikamwagwa. Yule muuza maziwa hakupatikana. Nilipanda bodaboda nikaifuata barabara ya Dadaab mpaka lami inapoisha. Watu wakaniambia amepanda gari la punda, amerudi malishoni, anakuja mjini wakati maziwa yapo.

Jioni nilikwenda kwa Brofesa na karatasi zangu. Mieleka ilikuwa imeanza. Alipunguza sauti lakini hakuzima. Sikumwomba msamaha, na yeye hakuutafuta. Alimpakata Hafsa, akaukagua mkono wake uliochomwa huku amekunja uso kama umemuuma yeye.

"Amechanjwa," akasema. "Lori lenu linaondoka lini?"

"Keshokutwa."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuandika."

Akavaa miwani, akasoma nilichokuwa nimeandika nyumbani. Alisoma kama anavyochambua mchele.

"Hapa umemwita sista mbwa. Kaunti inaajiri mbwa? Futa."

Nikafuta.

"Hapa umeomba ahamishwe. Atakuja mwingine, atakuta chupa ile ile na swali lile lile la nani amemwaga. Unamtaka sista au unataka chupa?"

"Vyote viwili."

"Chagua."

Nikafuta.

"Hapa umeandika Mungu awalaani. Hiyo ni kati yako na Mola wako, mkurugenzi haimhusu."

"Eddo, sasa hasira yangu yote umeimaliza! Hii ni barua ya maiti!"

Alicheka, akamrudisha Hafsa mapajani mwangu. "Haya. Sentensi moja ya hasira nakuachia. Moja tu. Iweke mahali itakapoumiza." Kisha akaongeza sauti ya televisheni, akaniacha na kalamu, na nilipoinua uso baadaye alikuwa amelala ameketi, mdomo wazi, Profesa wa sheria ya afya ya umma, watu wakirushiana viti mbele yake. Nilizima televisheni. Nilimfunika miguu. Sijawahi kumpenda kama dakika ile, na kama angekuwa macho nisingemwambia.

Asubuhi niliipeleka mwenyewe ofisini kwa mkurugenzi. Karani aliitazama, akanitazama.

"Brofesa ndiye ameandika?"

"Nimeandika mimi. Piga mhuri, na nakala yangu pia."

Akapiga. Hii hapa.

*

Kwa Mkurugenzi wa Afya wa Kaunti,

MINT: LALAMIKO KUHUSU WATOTO KURUDISHWA BILA CHANJO YA SURUA

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa bula hii. Nalalamika rasmi kwamba kwenye zahanati yetu mtoto aliyefika umri wa chanjo ya surua anarudishwa nyumbani kama watoto waliofika siku hiyo ni wachache, ili dozi zisimwagwe. Nimerudishwa mimi, na nimeona wengine wakirudishwa.

Mtoto wangu sasa amechanjwa. Alichanjwa kwa sababu ilijulikana nimekwenda kwa mtu mkubwa. Chupa ilifunguliwa kwa ajili yake peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo inawezekana kuifungua kwa mtoto mmoja, na ilikuwa inawezekana siku zote. Hilo ndilo lalamiko langu.

Simlalamikii muuguzi. Yeye anaogopa kuulizwa kuhusu dozi zilizomwagika. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu watoto waliorudishwa, na hao hamuwahesabu kwa sababu hawana chupa ya kutupa.

Naomba mambo matatu. Chupa ifunguliwe kwa mtoto yeyote anayefika, hata akiwa mmoja. Muuguzi apewe agizo hilo kwa maandishi, lenye sahihi yenu, ili akimwaga asiadhibiwe. Na agizo libandikwe mlangoni kwa Kiswahili na Kisomali, mahali pa kusomeka.

La mwisho. Asubuhi ile mtoto wangu alipochanjwa, mama mmoja muuza maziwa alikuwa amerudishwa muda mfupi kabla, na mtoto wa kiume mgongoni. Amerudi malishoni, upande wa barabara ya Dadaab. Jina lake sikuliuliza. Mna magari, mna mafuta, mna masanduku ya barafu. Mtafuteni.